Lami Mlangoni kwa Nyundo

Wanaosema kwamba nilivunja njia mpya ya lami ili mama mkwe wangu asitoke nje wanasema uongo. Wanaosema kwamba nilimdhulumu mkandarasi nao wanasema uongo, na mkandarasi mwenyewe anajua, ndiyo maana hajawahi kuja kulisema hilo mbele ya geti langu. Na yule mwenye duka la dawa anayewaambia wateja, huku akihesabu vidonge, kwamba "ujane umempanda kichwani", namwomba ahesabu vidonge. Nimenyamaza vya kutosha. Sisi tulilelewa kwamba mtu anayejiheshimu hajibizani na mtaa. Lakini sasa uvumi umeniacha mimi umemrukia marehemu mume wangu, eti alimwacha mama yake kwenye tope ili asifiwe, na yeye hana mdomo wa kujitetea. Watu hupenda kusema lisemwalo lipo. Haya, nami nitasema lililopo.

Mume wangu alikuwa mkaguzi wa barabara. Hakuwa mkurugenzi wala mtu wa kukata utepe. Alikuwa mtu wa kuinama. Kazi yake ilikuwa kwenda kwenye barabara mpya kabla wakubwa hawajaizindua, kupiga magoti katikati ya njia, na kukata shimo la mraba kwa nyundo na tindo, shimo la kuenea kiganja tu. Kisha alisimamisha rula ndani yake. Lami ikiwa nene kama walivyoahidi, aliziba shimo akasaini. Ikiwa nyembamba, aliziba shimo asisaini. Basi, ndiyo kazi yote. Wajenzi wa barabara walimwita Nyundo, kwanza kwa chuki, baadaye kwa mazoea, na mwishowe hata watoto wetu wakawa wanasema, "Nyundo karudi, ficheni kelele."

Kazi ilimwingia mwilini. Alikuwa akikata mkate anatazama unene wa kipande kwanza, halafu ndipo anapaka siagi. Siku ya harusi ya mdogo wangu alisimamisha gari katikati ya safari, akashuka na suti yake, akabonyeza lami kwa kisigino, akarudi ndani akasema, "Hii haitaona mvua ya pili." Dada zangu walimcheka hadi ukumbini. Mvua ya pili haikuiona.

Na nyumbani kwa mtu huyu, kutoka getini hadi barazani, palikuwa na udongo mtupu. Mvua ikinyesha ulikuwa uji. Wageni walivua viatu getini wakaingia navyo mkononi. Shoga zangu walinitania: "Kinyozi hajinyoi! Mume anakagua barabara za nchi nzima, mke anaogelea kwenda jikoni." Nilicheka nao, lakini nilijua sababu. Kuna mwaka kampuni moja ilituma lori la lami ya moto hadi hapa kwetu, bila kuombwa, dereva akasema ni salamu tu. Mume wangu alisimama getini na fulana ya kulalia, hakupiga kelele. Alisema, "Sikuagiza." Dereva akasema, "Mzee, itaganda." Akajibu, "Basi ndiyo hiyo inaganda." Wakatazamana pale mpaka lami ikaanza kushika kwenye tumbo la lori, na dereva akageuza gari akilaani ukoo wetu. Tulisikia baadaye kwamba waliibandua kwa mitaimbo.

Kwa hiyo lile tope lilikuwa cheti chetu. Sijawahi kulionea aibu. Kila aliyelikanyaga alikuwa anakanyaga ushahidi.

Nyundo aliugua, akafa kwa utulivu uleule wa mtu anayeziba shimo. Nilimzika kwa heshima na sina la kuongeza hapo.

Baada ya hapo mama yake, yaani mama mkwe wangu, alianguka bafuni kwa mtoto wake wa mwisho, akavunjika nyonga. Huyo mtoto wa mwisho ndiye shemeji yangu, na nitamwita Shemeji tu, maana jina la ukoo ni lilelile la mume wangu na sitaki liandikwe karibu na mambo haya. Shemeji alisema kwake hakuna nafasi. Kwake kuna televisheni ukubwa wa mlango, lakini kwa mama hakuna nafasi. Nikamchukua mimi. Akaja na kiti cha magurudumu, na hapo ndipo tope lilipogeuka tatizo la kweli. Mvua ya kwanza, kiti kilizama hadi kwenye vyuma. Mimi na mlinzi wa geti tulimbeba na kiti chake kama kabati, yeye akituamuru kutoka juu: "Shikeni vizuri, mimi si gunia! Wewe mlinzi, mkono wako uko wapi hapo? Mwanangu, mwambie huyu atoe mkono!"

Alikuwa anakaa dirishani mchana kutwa akitazama geti. Aliwahi kuniambia, "Mke wa mwanangu, nimefika umri wa kuhesabu wapita njia." Iliniuma. Nikaamua kwamba njia itatengenezwa, kwa fedha yangu halali, na kwa kipimo ambacho mume wangu angekikubali.

Nilianza kutafuta mkandarasi kama mtu aliyesoma anavyotafuta, kwa maswali. Wa kwanza hakushuka garini. Alishusha kioo akatazama udongo kama anatazama mzoga. Wa pili aliuliza, "Baba yupo?" Nikamwambia baba amefariki. "Basi nitazungumza na nani?" Nikamwonyesha geti, nikamwambia azungumze nalo akitoka.

Shemeji alikuja na wa tatu.

"Shemeji, acha kuhangaika," alisema. "Nimekuletea fundi wa mafundi. Huyu ameweka lami mpaka kwa waheshimiwa."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu alikuwa ametembezwa hadi barazani kwangu. Mtaa mzima unamwita Hakuna Neno, kwa sababu ndilo neno lake pekee. Alikuwa na viatu vyeupe. Mtu wa lami, viatu vyeupe! Amejipulizia manukato juu ya jasho la jana, na mdomoni kijiti cha meno alichokuwa akikigeuza kwa ulimi upande huu na upande ule, kijiti ambacho kilishalainika kikawa kama ufagio. Akiongea alikitoa, akakitazama, akakirudisha. Nilimletea chai kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Alisukutua kinywa kwa chai yangu kabla ya kuimeza. Nilisikia.

"Udongo utachimbwa hadi wapi?" nilimuuliza.

"Hakuna neno, mama. Utachimbwa."

"Hadi wapi?"

Akaonyesha kwenye goti lake, halafu akatazama uso wangu, akapandisha mkono kidogo.

"Na kokoto za chini? Zitashindiliwa kwa mashine au kwa maneno?"

Mama mkwe alicheka kutoka dirishani. Hakuna Neno naye akacheka, kijiti kikatoka na mate.

"Kwa mashine, mama mkubwa. Hakuna neno."

"Na maji ya mvua yaende wapi?"

"Maji yanajua njia, mama."

"Yalikuwa yanaijua hadi jikoni kwangu. Nataka mteremko wa kuelekea mtaroni, na nitaupima."

Hapo alikunja mikono kifuani, akaniinamia kana kwamba tuko msibani. "Mama, wewe ni mjane wa Nyundo. Nani mwenye ubavu wa kukudanganya? Nitakuwekea lami ambayo marehemu mwenyewe angepiga saini."

Alinivika kilemba cha ukoka mbele ya shemeji yangu, na Shemeji akatikisa kichwa kama aliyeguswa moyoni. Lakini masharti alikubali yote, mbele ya mashahidi, na wale wengine wawili mmeshaona walivyokuwa. Nikamkubalia. Alipoondoka alitema kijiti kwenye chungu cha maua yangu. Nilikiokota kwa karatasi, na kile kikombe sikukirudisha kabatini.

Kazi ilianza vizuri. Lazima niseme ukweli hata unapowanufaisha wasiostahili. Vibarua walichimba, kokoto nilizonunua mwenyewe machimboni zikaja, mashine ikashindilia hadi vyombo vikalia kabatini. Mimi nilikaa barazani na miwani yangu, mama mkwe pembeni yangu, akiwasimamia kwa sauti.

"We mwenye kofia! Umepumzika mara ngapi?"

"Bibi, nafuta jasho."

"Jasho gani? Hata mimi niliyekaa natoka jasho kuliko wewe."

Mteremko niliupima kwa chupa ya maji, nikaimwaga karibu na baraza na kuyafuata maji kwa macho. Yalikwenda mtaroni. Niliridhika.

Lami yenyewe ililetwa saa ya chakula cha mchana, wakati mtaa umetulia na watu wako mezani. Lori liliingia kwa haraka, turubai likifuka moshi, na harufu ile ikaingia hadi kwenye shuka za kabatini. Mlango wa nyuma wa lori ulikuwa umefungiwa gunia.

"Gunia la nini pale?" nilimuuliza Hakuna Neno.

"Kuzuia vumbi, mama."

Nikamgeukia dereva, ambaye hakuzima injini. "Lami hii inatoka wapi?"

"Kiwandani, mama. Mpya kabisa, ona inavyofuka!"

Nayo ilikuwa mpya. Waliitandaza, wakaishindilia na gurudumu la chuma, lori likaondoka mbio kama lililokuja kuchota moto. Jioni palikuwa na njia nyeusi, laini, iliyonyooka kutoka getini hadi barazani kama suruali iliyopigwa pasi.

Siku lami ilipopoa vizuri nilimsukuma mama mkwe hadi getini. Tulipofika alitazama barabara, akatazama watu, akasalimiana na mwuza mboga aliyempita, kisha akasema, "Nirudishe." Tukarudi. Tulipofika barazani akasema, "Nipeleke tena." Siku ile tulikwenda na kurudi mpaka mikono yangu ikafa ganzi. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu mwanawe afe. Naliandika hili ili wale wa duka la dawa wajue kwamba nililiona kabla ya wao kunisimulia.

Wiki ile Shemeji alileta wageni. Wanaume wawili wenye fulana za kung'aa na kofia ngumu safi, zisizo na hata tone la kazi. Walitembea juu ya lami, wakaipiga kwa kisigino, wakacheka. Kisha Shemeji akasimama katikati yao, nyuma yao geti lenye kibao cha jina la mume wangu, na mmoja akapiga picha kwa simu. Nilidhani Shemeji anajisifu, maana kujisifu ndiyo kazi pekee ambayo hajawahi kuachishwa.

Haukupita muda akaja Mrithi.

Huyu ni mkaguzi wa barabara, dada wa watu, aliyejifunza kazi chini ya mume wangu. Nyundo alikuwa akimwita "mrithi wangu", jina likabaki. Yeye ndiye alikuwa anakagua barabara kubwa inayojengwa hapo chini, mwisho wa mteremko wa mtaa wetu. Kila mtu hapa anaijua kwa vumbi lake. Nilimwona amesimama nje ya geti lililo wazi, vidole vya viatu vimegusa pale lami inapoanzia, haingii.

"Karibu ndani, mwanangu. Leo huvui viatu," nilimtania.

"Asante, mama. Nitasimama hapa hapa."

"Kuna nini?"

"Nikikanyaga hapo, mama, nitakuwa nimekubali."

Nikamfuata mimi. Alikuwa anafuta machozi, na huyu si mtu wa kulia ovyo, nimemwona akibishana na wanaume wenye matingatinga. Aliniambia kwamba kule chini kila shimo alilokata lami ilikuwa nyembamba kama chapati. Alikataa kusaini. Wajenzi wakambembeleza, akakataa. Jana yake wakamwita ofisini kwao, wakamwekea simu mezani, yenye picha.

"Picha ya nini?"

"Ya hapa, mama. Geti, jina la mwalimu, na shemeji yako anacheka. Wakaniambia, 'Binti, unajidai mwanafunzi wa Nyundo? Nyumba ya Nyundo yenyewe imekula lami yetu. Familia imeridhika. Wewe nani usisaini?'"

"Lami yao?"

"Lori lao, mama. Walizungumza mbele yangu wakicheka, jinsi walivyofunga gunia kwenye namba ya gari."

Nilisimama pale nikasikia ile chai aliyosukutulia Hakuna Neno mdomoni mwangu mwenyewe. Niliingia ndani, nikafungua sanduku la marehemu, nikatoa nyundo, tindo na rula. Nilipiga magoti kwenye njia yangu mpya, mimi mwenye magoti mabovu, na kukata shimo la mraba kama nilivyomwona akikata maisha yetu yote. Mrithi alitaka kunisaidia kutoka pale nje, nikamwambia abaki alipo. Nikasimamisha rula.

Ilikuwa lami nzuri. Nene kupita tulivyokubaliana, nyeusi, kokoto zake safi, imeshikana kama mkate uliokandwa vizuri. Nyundo angesaini. Unene uliokosekana kule chini ulikuwa umelala mlangoni kwangu.

Nataka mnielewe. Kama ingekuwa mbovu ningekasirika, na hasira hupoa. Lakini ilikuwa nzuri, na uzuri wake ndio ulionitia kinyaa. Niliinuka nikaenda kunawa mikono, nikanawa tena, na bado nilikuwa nanusa lami kwenye kucha.

Niliwaita wote wawili. Shemeji alikuja na shati lililokaza tumboni, Hakuna Neno na viatu vyake vyeupe. Niliwakalisha barazani. Safari hii sikuwapa chai.

"Lami hii umeinunua wapi?" nilimuuliza Hakuna Neno.

"Mama, si nilikwambia, kiwandani..."

"Mwenye kiwanda ni nani? Na uliyemlipa ni nani? Maana mimi nilikulipa wewe."

Akageuza kijiti. Akamtazama Shemeji. Shemeji akatazama dari.

"Mama mkubwa, hakuna neno," alisema mwishowe. "Mambo haya ni ya kawaida. Lori likitoka limejaa, likifika limepungua. Njiani kuna mabonde, vitu vinamwagika."

"Vikamwagika kwa mstari ulionyooka hadi barazani kwangu."

"Shemeji, tulia," Shemeji akaingilia. "Wewe umelipa. Aliyelipa hana kosa. Watu wangapi mtaa huu wanaililia lami kama hii? Ni lami ya serikali, bora kuliko zote! Tulikutafutia kizuri, unatugeuzia kibao?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hawa watu walidhani wamenifanyia hisani. Kwao, lami iliyochotwa kwenye barabara ya umma ndiyo daraja la juu, kama nyama ya paja. Waliniheshimu kwa kuniibia kilicho bora. Walimjua Nyundo miaka yote hiyo na hawakuwa wamemwelewa hata kidogo. Na mmoja wao alinyonya naye ziwa moja.

"Na picha?" nilimuuliza Shemeji.

"Picha ni kumbukumbu tu."

"Walikuahidi nini?"

Hakuna Neno ndiye aliyemjibia, maana wezi hawajui kukaa na siri ya mwenzao. "Kazi ndogo tu, mama. Kupaka rangi mawe ya pembeni ya barabara. Nyeupe, nyeusi. Si kazi kubwa."

Mume wangu alikaa kwenye tope maisha yake yote. Ndugu yake alimuuza kwa kazi ya kupaka mawe rangi.

"Nitaivunja," nikasema.

Sauti iliyonijibu ilitoka dirishani. Tulikuwa tumemsahau mama mkwe.

"Mtavunja nini?"

"Lami, Mama."

"Lami yangu?"

Nilimweleza yote, taratibu, kwa heshima, nikiwa nimesimama. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, na maneno haya ndiyo yaliyotoka nje ya nyumba hii yakiwa yamegeuzwa: "Mwanangu wa kwanza alinipitisha kwenye tope ili watu wamsifu. Sawa, wakamsifu. Sasa yeye kalala pakavu, na tope bado ni langu? Na huyu wa pili unayemtazama kama kinyesi cha paka, naye nimemzaa mimi. Ukivunja njia hii, unanivunja nyonga nyingine."

Shemeji akaanza kutabasamu. Lile tabasamu lilinisaidia.

"Mama," nilisema, "nitakutengenezea njia nyingine."

"Ya nini? Ya maneno?"

Sikumjibu, kwa sababu mkwe hajibiwi. Lakini Shemeji na mwenzake niliwafungulia geti mwenyewe. Hakuna Neno alipopita akasema kwa mazoea yake, "Hakuna neno, mama." Nikamwambia lipo.

Asubuhi nilikodi vibarua wengine, watu nisiowajua wala wasionijua, na lori la mchanga. Walikuja na sululu na mitaimbo. Majirani wakajaa kwenye uzio kama wanaangalia msiba. Lami mpya haikubali kutoka, hutoka kwa mapande, na kila pande lilipoinuka lilinuka upya, harufu ya moto na ya wizi. Kiongozi wa vibarua aliniuliza kwa upole, "Mama, una hakika? Hii ni lami nzuri sana."

"Ndiyo sababu, baba. Vunja."

Dirisha la mama mkwe lilikuwa limefungwa na pazia limeshushwa. Nililiona kila nilipogeuka.

Lori lilipojaa sikulifunika turubai wala gunia. Nilivaa gauni langu la maofisini, nikachukua mkoba, nikapanda mbele pamoja na dereva, tukashuka mteremko mchana kweupe mtaa mzima ukitazama. Mbele ya ofisi ya wajenzi wa barabara Mrithi alikuwa ananisubiri, nami nilimwambia dereva amwage pale pale alipoonyesha. Mmoja wa wale wenye kofia safi akatoka mbio.

"Mama! Mama! Huku si mahali pa kutupa taka!"

"Si taka, ni mali yenu. Nimeirudisha. Ipimeni, isije ikapungua tena njiani."

Mrithi akaokota pande moja, akasimamisha rula mbele ya vibarua wote, kisha akaenda kwenye shimo alilokata barabarani akasimamisha rula ileile. Hakuhitaji kuhutubia. Vibarua wa barabara wenyewe wakaanza kucheka, na mzee mmoja mwenye sepetu akasema kwa sauti, "Jamani, Nyundo kafufuka na mkoba!" Yule mwenye kofia akatoa simu. Nikamwambia, "Piga picha, mwanangu. Na hii wapelekee wote uliowapelekea ile ya kwanza."

Barabara ile ilisimamishwa. Wanaopita hapo chini wameona wenyewe inakwanguliwa na kutandikwa upya. Mrithi hakusaini mpaka rula ilipokubali. Jina la mume wangu halikutumika kufunikia lami nyembamba, na hilo ndilo pekee nililokuwa nalipigania, wala si njia, wala si fedha, wala si hasira za mwanamke.

Mama mkwe hakukosa njia hata wiki moja. Zile kokoto nzuri za chini ziliachwa, maana nilizinunua kwa mwenye machimbo mwenyewe na namjua, na juu yake nikaleta matofali ya saruji, yakapangwa na fundi mwashi asiyevaa viatu vyeupe. Kiti kinapita. Ni kweli matofali yana mipasuo midogo na magurudumu yanagongagonga. Mama mkwe hupaza sauti kila tukipita, "Taratibu, unanitikisa meno!" naye meno yake ni ya kuvua. Kila jioni anataka kwenda getini, na kila jioni, tukifika, huwasimulia wapita njia kwamba zamani alikuwa na njia ya lami, laini kama maziwa, mkwe wake msomi akaivunja. Uvumi wote huu, kwa hiyo, unatoka kwenye kiti ninachokisukuma mwenyewe. Huwa nasimama nyuma yake, nimeshika vishikio, nasubiri amalize. Yeye ni mama wa Nyundo. Ana haki ya kunisema. Ninyi wengine hamna.

Shimo lile la mraba nililolikata kwa mkono wangu sikuruhusu vibarua walivunje. Nilikata pande linalolizunguka likatolewa zima, na liko kabatini, kwenye nafasi ya kile kikombe.

Najua mtauliza kama Shemeji bado anakuja, na kama mama yake na mimi tulishalizungumza hili tukiwa wawili ndani, na tulisemezana nini. Hayo ni ya nyumba hii. Sitayasema, na mkiniuliza getini sitajibu.